Mrefu wa Ghalani

3 Februari

Kaka yangu,

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu usiipigie tena wala usiiandikie chochote, hata salamu. Baba aliipeleka kwa fundi simu wa pale kituoni, ikarudi na kioo kipya, nami mjinga nikashukuru. Kumbe kila ninachoandika na kila ninachoandikiwa kinamfikia palepale kwenye simu yake, akiwa anaziba pancha.

Nimejuaje? Nilimwandikia rafiki yangu kwamba kwetu kunanuka gundi ya tairi mpaka kwenye chakula. Jioni Baba akasogeza sahani, akauliza, "Chakula kinanuka gundi, eti?" Kisha akanishika nywele akanizamisha uso kwenye sahani. Mchuzi ulikuwa wa moto. Shuleni nilisema nimeunguzwa na mvuke.

Tangu hapo kila jioni anaweka kiti katikati ya sebule, nasimama kando yake nasoma ujumbe wangu kwa sauti. Akikuta neno asilolielewa, hanipigi mimi. Anamgeukia Mama. "Noma ni nini?" Mama hajui. Kofi. "Wewe mama wa aina gani, hujui mwanao anavyozungumza?" Basi nikawa namfundisha Mama maneno jikoni tukiosha vyombo, kama mtu anayejiandaa na mtihani. Juzi akapata mawili sawasawa. Baba akampiga vilevile: "Kumbe unajua! Kumbe mko pamoja!"

Kuna mvulana tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi ya kemia. Aliniandikia, "Usisahau daftari langu, nakutegemea." Hilo "nakutegemea" likatosha. Baba alikuja shuleni na ovaroli lake, akamngojea getini, akambamiza kichwa kwenye chuma cha geti mpaka mwalimu wa zamu akaja mbio. Ameshonwa juu ya jicho. Sasa darasani anakaa mbali nami kama nina upele, na hakuna mtu anayeniandikia. Jioni nasoma matangazo ya kampuni ya simu.

Nimemwambia Mama tuondoke. Akasema, "Tupitie wapi?" Nawe unajua, karakana iko mlangoni kwetu, hata paka akitoka Baba anamwona. Kaka, fikiria jambo. Jibu lipitishie kwa mama wa maktaba hapa shuleni, ni mtu wa siri.

Mdogo wako,
Mchokozi


11 Februari

Mchokozi wangu,

Barua yako nimeisoma chooni hapa machinjioni, ndipo mahali pekee mtu anapoachwa peke yake. Kazi yangu ni kuchuna ngozi. Wenzangu wanashangaa kwamba sishtuki na damu. Siwaambii nimelelewa wapi.

Bega langu likipata baridi bado linakumbuka kile chuma cha kung'olea tairi. Siku ile nilidhani nikiondoka mimi hasira yake itapungua. Nisamehe kwa kufikiri hivyo.

Sasa sikiliza. Wewe ukitoroka kutoka shuleni, Mama atabaki mikononi mwake, na hilo hatulitaki. Lazima yeye mwenyewe aondoke pale karakana, aende mbali, kwa miguu yake. Na kitu cha kumtoa unacho mkononi. Hiyo simu anayoisoma, usiwaandikie marafiki. Mwandikie yeye. Mpe mvulana. Nitanunua laini mpya, mimi ndiye nitakuwa mvulana mwenyewe. Ukiona ujumbe wa mtu anayeitwa Mrefu, ndiye mimi. Tutaongea taratibu, wiki mbili hivi, kisha tutaahidiana kukutana kwenye lile ghala la zamani kando ya reli. Kwenda na kurudi ni mwendo mrefu. Mtakuwa mmeshapanda basi.

Kwangu msije. Ndiko atakakoanza. Nendeni kwa Mama Mdogo.

Kaka yako


21 Februari

Kaka,

Umeniandikia, "Una afya nzuri na macho makubwa." Unatongoza au unanunua ng'ombe? Nilicheka peke yangu kitandani mpaka nikang'ata shuka. Jaribu kidogo! Sema umenikosa. Sema huli. Na hilo jina la Mrefu limeniua kabisa. Wewe mfupi kama kinu, hata kwenye uongo unajiongezea kimo.

Lakini Kaka, kuna kitu kimebadilika. Kiti hakiwekwi tena sebuleni. Tangu Mrefu aanze kuandika, Baba haulizi neno. Amekuwa mpole. Ameninunulia viatu. Mama ananiambia, "Huyu akipiga, najua pa kujificha. Akiwa mpole ndipo ninapoogopa."

Alhamisi nilirudi mapema nikamkuta nyuma ya karakana na tairi kuukuu la lori. Alikuwa halitoi kwenye rimu. Alikuwa analipiga tu na kile chuma, polepole, anapumzika, anapiga tena. Jioni akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Shuleni kwenu kuna vijana warefu?" Mama kwa woga akacheka. Baba akamrushia kikombe cha chai. Jino la mbele limevunjika. Mama aliliokota chini, akalifuta, akalitia mfukoni, akaenda kuleta kitambaa afute meza.

Una hakika kule ghalani hakuna mtu?

Mchokozi


26 Februari

Mdogo wangu,

Nina hakika. Tulipokuwa wadogo ndiko tulikokuwa tunakwenda kuvunja chupa. Paa limeanguka nusu, hata mbwa hawalali mle. Atakuta kunguru, atatukana, atarudi.

Nimetuma ujumbe leo: Jumamosi saa tisa alasiri, ndani ya ghala, uje peke yako. Wewe jibu, "Nitakuja, nisubiri hata nikichelewa." Hilo la kuchelewa ni muhimu, litamfanya akae kule. Mama usimwambie mpaka umwone Baba amekata kona. Msibebe mizigo. Simu itumbukize kwenye lile pipa la maji la kutafutia pancha. Mkifika niandikieni kwa karatasi hivihivi, simu tuziache kwanza. Mtu aliyeweza kuingia kwenye simu moja ataingia na nyingine.

Nawapenda.

Kaka


8 Machi

Kaka! Tumefika!

Tuko kwa Mama Mdogo, tunalala nyuma ya saluni yake, upande wa kichwa changu kuna ndoo ya rola za nywele.

Baba aliondoka saa nane. Alivaa shati safi. Kile chuma alikifunga kwenye gazeti kama mtu anayebeba mkate. Aliniambia, "Ukitoka leo, vaa vizuri." Alipokata kona nikamwambia Mama, "Sasa hivi." Alikuwa anapiga pasi. Hakuuliza wapi. Alichomoa pasi, akaiweka wima, akakunja na shati alilokuwa ananyoosha. Shati la Baba! Nikamwambia, "Mama, acha," akasema, "Nimeshamaliza mkono mmoja."

Tulipita katikati ya yale matairi. Simu ikazama kwenye pipa, ikatoa mapovu kama tyubu iliyotoboka. Mama ndiye aliyenishika mkono. Kwenye basi, mji ulipoisha, akaanza kucheka mdomo wazi na lile pengo lake, abiria wakageuka kumtazama, akacheka mpaka akalia, kisha akalala usingizi mzito begani kwangu.

Je, Baba amekuja kwako? Amefanya fujo? Nasikia raha hata kumfikiria amesimama mle ghalani anawatukana kunguru.

Mchokozi


17 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi mmefika. Hajaja huku wala hatakuja kwa sasa, wala kwenu hatakuja. Usiniulize sana, kula, lala, msaidie Mama Mdogo. Nikipata likizo nitakuja. Kazi ni nyingi.

Kaka


30 Machi, rumande

Kwa binti yangu,

Najua uko kwa mama yako mdogo, mngekwenda wapi kwingine. Sijaandika kugombana. Mama yako mwambie nimemsamehe.

Yule Mrefu wako nilimkuta. Alikuwa amekaa juu ya boksi mlemle ndani ya ghala, kama mlivyoahidiana, kipande cha sabuni mkononi. Nilisimama mlangoni nikaita, "Mrefu!" Akaitika, "Naam, mzee." Akasimama, na kweli ni mrefu. Mtu mzima, mwanangu! Mwenye ndevu! Nikamuuliza, "Unamsubiri nani?" Akasema anamsubiri mkewe amletee nguo za kubadili, yeye ni mpakiaji wa mizigo stesheni, huogea pale nyuma. Uongo mtupu. Nikamuuliza juu yako, akasema hakujui. Kila alipokana nilimpa chuma. Alipoinua mikono kuzuia, nikakumbuka kwamba ndiyo mikono aliyokuwa anakuandikia nayo, nikaanza na hiyo. Aliacha kukana mapema kuliko nilivyoacha mimi. Nilisimama mkono wangu ulipochoka. Mwanamke mmoja aliingia na mfuko wa nguo akapiga kelele, watu wa reli wakaja.

Sijutii. Mzazi asiyechunga mtoto wake si mzazi. Dunia mnayoishi ninyi kwenye hizo simu siijui, nilikuwa nasoma ili nisikupoteze.

Sasa nahitaji kitu kimoja. Mke wa mtu yule amemwambia hakimu kwamba mumewe hana hata simu ya kuandikia. Wewe njoo useme ndiye. Sema alikuwa anakutongoza, mwanafunzi. Hakimu naye ni mzazi. Nitatoka, tutaanza upya, sote.

Baba yako


4 Aprili

Kaka,

Ulijua.

"Kazi ni nyingi." Ulijua nilipokuwa huku nacheka na Mama, nafagia nywele, naimba. Ningekuwa karibu nawe ningekutia meno.

Baba ameniandikia kutoka rumande, anataka nimwambie hakimu kwamba yule mtu ndiye Mrefu. Amenieleza yote kama mtu anayeeleza alivyobadilisha tairi. Mikono, Kaka. Kwanza mikono! Nimetapika kwenye beseni la kuoshea wateja. Mama amesoma, ametoka nje amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi.

Yu hai? Nijibu hilo tu. Yu hai au tumemuua?

Mimi


11 Aprili

Mdogo wangu,

Yu hai. Nilikwenda hospitali nikajifanya ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mkono wa kulia vidole havitafunga tena. Wa kushoto, madaktari wana matumaini kidogo. Taya limefungwa kwa waya. Jicho moja halifunguki. Ni mtu wa umri wangu, Mchokozi, amenizidi mwaka mmoja au miwili. Na ni kweli stesheni nzima inamwita Mrefu. Nimejiuliza usiku na mchana kwa nini sikujiita Mnene, au Kipara, au chochote.

Nikiwa pale waliingia shemeji zake, kaka za mkewe. Wamesikia kwamba alipigwa kwa ajili ya mtoto wa shule. Mmoja alimpiga makofi palepale kitandani, juu ya zile nyaya, nesi akawa anamvuta shati. Mgonjwa hakuweza hata kusema hapana. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Mimi nilisimama, mimi mwenye kuandika ule upuuzi wa macho makubwa, nikatazama ukuta.

Nilikuficha kwa sababu wewe una miaka kumi na sita na ulikuwa umeanza kulala. Na nitakuambia ukweli mwingine: nyamaza. Usiende kusema ndiye, lakini usiende kusema siye. Baba yuko ndani, Mama yuko salama, jino halitarudi lakini mengine hayatavunjika. Tukifungua midomo, watasema watoto ndio waliompeleka baba yao mle ghalani, naye atatoka. Wewe hukumpiga mtu. Mimi sikumpiga mtu. Acha sheria iendelee yenyewe.

Nakuomba kama kaka yako.

Kaka


19 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliipata. Unaniomba nije kwa hakimu niseme ndiye. Nitakuja, lakini nitasema hivi, na nimeona usikie kwangu kwanza.

Hakuna Mrefu. Hakuna mvulana. Hajawahi kuwepo. Kila ulichosoma tangu mwezi wa pili kiliandikwa kwa ajili yako, ili uende ghalani sisi tupate nafasi ya kupita mlangoni kwetu wenyewe. Nilijua unasoma. Nilikuandikia wewe.

Yule uliyemkuta alikuambia ukweli. Alikuwa anamsubiri mkewe. Kila alipokana, alikuwa anasema kweli.

Unasema ulikuwa unasoma ili usinipoteze. Baba, ungeniuliza tu. Zile jioni nimesimama kando ya kiti, uso unaniwasha kwa ule mchuzi, nilikuwa nasubiri uniulize hata swali moja ambalo halikutoka kwenye simu. Umeshika daraja gani? Unamwogopa nani? Ungeuliza la pili ningekujibu kwamba ni wewe.

Sitakuja kukufunga wala kukufungua. Nitakuja kwa ajili ya yule mtu, watu wajue hakunijua.

Binti yako


13 Mei

Mwanangu wa kwanza,

Natumai u mzima. Mimi mkono wangu ni mzito, nilizoea kuandika orodha ya sokoni tu, utanivumilia.

Juzi tulikwenda mahakamani. Nilikutazamia mlangoni mpaka walipofunga.

Mdogo wako alisema yote. Alisimama pale na zile sare zake za shule, ameomba azivae, akaeleza tangu kiti cha sebuleni. Nilitamani ardhi inimeze alipoeleza yale maneno niliyokuwa nafundishwa jikoni, kwa maana watu wengine walicheka. Baba yako alikuwa amesimama ameshika chuma cha kizimba. Hakupiga kelele. Binti alipomaliza akauliza, si kwa hakimu, kwa nafsi yake mwenyewe, "Sasa muda wote ule nilikuwa namsoma nani?" Kisha akaruka kile kizimba. Sijui alirukaje, mwili ule. Alimfikia mtoto akamkaba shingo kwa mikono miwili, meza ya karani ikapinduka, askari watatu wakampiga rungu mgongoni haachii. Mimi nilimng'ata. Nimeishi naye miaka yote hiyo na hilo ndilo pigo langu la kwanza kwake. Nilimng'ata kwenye kifundo cha mkono mpaka nikasikia mfupa, ndipo akaachia. Mtoto ana alama za vidole shingoni, sauti yake imekwaruza, lakini anakula.

Usidhani imeishia hapo. Nje, yule mke wa mpakiaji alitufuata. Nilidhani amekuja kushukuru, mumewe amesafishwa jina mbele za watu na kaka zake walikuwepo wakisikia. Alimchapa mdogo wako kofi, akamchapa la pili. "Jina umemrudishia! Mikono je?" Mdogo wako alisimama tu, mikono chini. Nami nilisimama, sikumzuia yule mama. Mumewe ndiye aliyesema, kwa yale meno yaliyofungwa, "Basi, mke wangu. Njoo unifunge kamba za viatu." Akapiga magoti palepale vumbini akamfunga. Tukaondoka.

Sasa ninachokuandikia ni hiki. Hakimu aliuliza, ile namba ya Mrefu ni ya nani? Mdogo wako akasema ni yake, alikuwa anaandika pande zote mbili. Wakamwambia hapana, ujumbe ule ulikuwa unatoka mji mwingine, wana karatasi za kampuni ya simu. Akashikilia ni yeye. Hakimu akamwambia anayedanganya mahakama naye hufungwa, arudi tarehe ishirini na jibu jingine. Usiku nilimwambia, "Mtaje kaka yako." Akasema, "Mama, Kaka ana bega bovu, rumande watamvunja la pili."

Baba yako nilimpigia magoti kwa mambo mengi. Wewe sikupigii. Nimekuambia tarehe.

Mama


20 Mei
Nje ya chumba cha mahakama

Kwa Mheshimiwa Hakimu,

Karani amekataa kuniingiza kwa kuwa jina langu halimo kwenye orodha ya mashahidi, ameniambia niandike, atakufikishia mezani.

Namba ya simu inayoitwa ya Mrefu ni yangu. Laini hii hapa nimeiambatanisha, na stakabadhi ya kuinunulia. Mimi ndiye niliyechagua jina, mimi niliyechagua ghala, siku na saa. Mdogo wangu aliniuliza kwa maandishi kama nina hakika hakuna mtu mle, nikamjibu nina hakika, na wala sikuwa nimekanyaga pale tangu utotoni. Anachosema kwamba aliandika pande zote mbili ni uongo wa kunikinga.

Mimi ni kijana wa kwanza wa mshtakiwa. Kazi nimeiacha jana. Mikono yangu ni mizima, na kama mahakama ina njia ya kuniamuru niifanyie kazi ile familia mpaka yule bwana apone, au maisha yangu yote asipopona, sitapinga.

Nimekaa kwenye benchi la nje, upande wa kushoto wa mlango. Shemeji zake wako kwenye benchi la mbele yangu na wameshaniuliza mimi ni nani. Nimewajibu.

Naomba mniite upesi.

Kaka wa shahidi